Arobaini kwa Sifuri

"Mama, alama hiyo ya kiatu ni yako! Unaamka alfajiri, unakwaruza kiwanja, kisha unanitishia kwa habari za marehemu!"

"Kwa goti hili?" Nerina akapandisha suruali, akamwonyesha binti yake kovu. "Siku hizi hata ngazi napanda kama kaa."

"Basi ni paka."

"Paka anayecheza kwa mkono wa kushoto. Endelea, Morena, unanifurahisha."

Morena hakucheka. Lori la zege lilikuwa limeshatoka Forlì. Kufikia jioni, kiwanja chekundu cha tenisi nyuma ya nyumba kingekuwa sakafu ngumu ya kukodisha. Nerina mwenyewe alikubali wakati wa baridi, kabla ya alama hizi kuonekana.

Kwenye vumbi hili la matofali yaliyosagwa, aliyecheza ndiye anayefagia. Nerina alifagia tangu msichana, akafagia hata baada ya kufika robo fainali kule Roma, akafagia hata baada ya goti kumstaafisha. Kila jioni aliburuta wavu mkuukuu mpaka kiwanja kikalainika kama unga. Na sasa, asubuhi ya tatu mfululizo, alikuta nyuma ya mstari mkwaruzo mmoja wenye umbo la mundu, na ng'ambo ya wavu alama moja ya mpira.

Mkwaruzo ule aliujua. Loriana, mwenzake aliyecheza kwa mkono wa kushoto katika mashindano yote ya wawili wawili, aliburuta ncha ya kiatu kila alipoanzisha mpira. Walimzika Februari. Mara ya mwisho walicheza wao kwa wao, hapahapa, na mvua ikawakatiza zamu ya Loriana ya kuanzisha mpira ilipofika.

"Tutaumaliza!" Loriana alipiga kelele akikimbilia barazani. "Usinikimbie, we kikongwe!"

Nerina akamvuta binti yake hadi kwenye uzio wa waya.

"Juzi mpira ulitua kisanduku cha kupokelea cha kulia. Jana kushoto. Leo kulia tena, ona. Huyo anahesabu, Morena. Kumi na tano, thelathini, sasa arobaini kwa sifuri, na anazipata bure kwa kuwa hakuna wa kumrudishia. Imebaki moja."

"Na akiipata?"

"Atakuwa amekishinda kiwanja kitupu. Loriana hakuwahi kutaka ushindi wa hivyo. Na mkimwaga zege mchezo haujaisha, hatoki hapa milele. Utawakodishia watu sakafu yenye mtu chini yake."

Honi ikalia getini.

"Wamefika. Mama, tafadhali usiniaibishe."

Upepo haukuwapo, majani ya miti ya mipopla yalitulia kabisa. Lakini ng'ambo ya wavu vumbi jekundu likaruka kidogo, likatua. Likaruka tena, palepale, kama linavyoruka mtu anapodundisha mpira kabla ya kuanzisha. Morena akaliona. Vidole vyake vikamng'ang'ania mama yake mkononi.

"Mama... usiingie."

"Kawaambie wa lori wasubiri. Wakikataa, waende."

Nerina akachukua raketi kwenye msumari, akaingia kiwanjani, akafunga komeo kwa ndani. Akachechemea hadi upande wa kushoto, akasogea nje zaidi, kwa maana huko ndiko mpira wa Loriana ulikokimbilia siku zote. Akainama, goti likalia.

"Haya, anza," akasema. "Na leo unafagia wewe."

Ng'ambo ya wavu kiatu kikakwaruza. Nerina akatupa mkono, akapiga, na nyuzi za raketi zikalia hadi barabarani.