Kamati ya Safari ya Filadelfia

Kosa lilifanyika kwenye ngazi za kanisa. Ladislaus alipoulizwa likizo ya kiangazi ataipeleka wapi, badala ya kusema tutaona, Mungu akipenda, kama wasemavyo watu wenye akili zao, akasema, "Mimi na mama tunakwenda Filadelfia, kutalii." Chai ya baada ya misa haijapoa, habari ilikuwa imekwisha kufika Husby, upande wa pili wa jiji. Jumapili iliyofuata mkewe, Paskalia, alifungua mlango wa nyumba yao, Norsborg, huko huko Uswidi, akakuta kamati.

Kamati hiyo hakuna aliyeichagua. Ilijiunda yenyewe, kama utando juu ya maziwa. Mwenyekiti alikuwa Mashauri, dereva wa basi, mtu aliyewahi kusimamia harusi ya watu, na tangu siku hiyo hajapumzika. Katibu alikuwa Milcah, Mkenya anayehudumia wazee, mwenye dada yake huko Marekani. Walikuja Jumapili ile, wakaja na ya pili, na leo walikuwa wamekuja tena. Ramani ya Marekani ilitandazwa mezani, ndizi na maharage yakasogezwa pembeni yapoe.

Paskalia alikaa kwenye kiti cha karibu na jiko, akatazama. Kutazama alikuweza. Ladislaus alimwoa Bukoba, akarudi kwenye mafunzo yake Uswidi maua ya harusi hayajanyauka. Yeye alimfuata baadaye, na kutoka uwanja wa ndege ikawa ni moja kwa moja kwenye jiko la hospitali, kuosha masufuria. Hawakuwahi kwenda popote wawili tu. Hata siku ya harusi walikaa katikati ya mashangazi.

Sasa ofisi ya safari ilikuwa imempa kijitabu cha picha za Filadelfia, na ndani yake mna kengele kubwa yenye ufa, imejengewa nyumba ya vioo, watu wamejipanga foleni kuitazama. Shuleni kwao Paskalia ndiye aliyekuwa mgonga kengele, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Alitaka kusimama mbele ya ile ya vioo, mumewe ubavuni, amwulize kengele isiyolia inatunzwa ya nini. Basi. Hakuomba kingine.

"Siku ya kufika," alisema Mashauri, "mtapokewa na mpwa wangu wa Buffalo."

"Buffalo si mbali kidogo, kaka?" Ladislaus aliuliza kama anayeomba radhi.

"Mbali wapi?" Mashauri akaweka kidole juu ya ramani. "Filadelfia hii. Buffalo hii. Hata kidole hakijajaa."

"Kidole chako wewe kinaweza kuanzia hapa kikaishia Ujerumani," alisema Milcah. "Waende kwa dada yangu Wanjira, Baltimore, huko ndiko karibu. Na amezaa juzi. Mfike Amerika mrudi bila kumwona mtoto, mimi mtaniangalia na macho gani?"

"Tutamwona," alisema Ladislaus.

Hiyo "tutamwona" ndiyo iliyokuwa maradhi yake. Kwa sababu ya neno hilo ukumbini tayari kulikuwa na vitenge vya Wanjira, dagaa wa mpwa, na chungu kilichofungwa kwa gazeti ambacho hakuna aliyekumbuka ni cha nani. Gauni la Paskalia lilikuwa bado halijapata pa kukaa.

"Na kengele?" aliuliza Paskalia.

"Kengele gani, shemeji?"

"Ya Filadelfia."

Mashauri akacheka, si kwa ubaya. "Shemeji, kengele haina ndugu. Usipokwenda haitanuna."

"Ati kengele," alisema Milcah. "Wanjira atakutafutia kadi yenye picha yake."

Paskalia akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameinamia ramani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi humo ndani.

"Tutaona kama nafasi itapatikana," alisema.

Paskalia akainuka. Alikwenda ukumbini, akarudi na koti la Mashauri mkono huu, la Milcah mkono ule, na la kwake mwenyewe amekwisha kulivaa.

"Tuwasindikize," alisema.

"Lakini hatujaaga," alisema Mashauri.

"Ndiyo maana nawahi, shemeji. Treni za Jumapili mnazijua."

Akalifungua koti la Mashauri, akalishika mikono yake ikiwa tayari. Nani atamkatalia mwenyeji anayetaka kumsindikiza? Mashauri akaingiza mkono. Na wote walijua jambo jingine, kwamba neno zito halisemwi sebuleni. Husemwa njiani, mgeni akiwa ameipa nyumba kisogo. Ladislaus alivaa viatu bila soksi.

Walipita duka lililofungwa, theluji ya mwisho imekuwa tope. Karibu na stesheni Paskalia akasimama.

"Shemeji Mashauri, dada Milcah, neno langu ni dogo. Safari hii hatuendi kumwona mtu. Tunakwenda kuona kengele. Mtoto wa Wanjira Mungu amkuze, tutamwona siku nyingine. Vifurushi vyenu vipo salama, mje mvichukue."

Mashauri alimgeukia Ladislaus. "Bwana, umemsikia mama?"

Ladislaus akatazama tope. Paskalia hakumsaidia, wala hakukohoa.

"Nimemsikia."

"Na ndivyo?"

Treni ikaingia, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka.

"Ndivyo, kaka," alisema Ladislaus. "Mimi nilisema kutalii. Sikusema kusalimia."

Milcah ndiye aliyecheka kwanza. "Mwenyekiti, umepinduliwa."

"Kamati haivunjwi barabarani," alisema Mashauri, lakini aliteremka kuingoja treni nyingine.

Walirudi nyumbani, vifundo vya miguu ya Ladislaus vimekuwa vyekundu kwa baridi.

"Umeniaibisha kidogo," alisema.

"Kidogo."

Walipokaribia mlango akakohoa. "Mama, kuna jambo. Padri naye ana kaka yake kule. Nilimwambia kwamba..."

Paskalia aliendelea kutafuta ufunguo. Akamwacha ayasikie maneno yake mwenyewe.

"Nitamwambia haiwezekani," alisema Ladislaus.

"Lini?"

"Jumapili."

"Kwenye ngazi?"

"Kwenye ngazi."

"Vizuri," alisema Paskalia. "Nitasimama pembeni, nitazame."