Albamu Ndani ya Boksi la Choo Bora

Hakuna mtu katika milima yote ya Uluguru aliyewahi kuliogopa boksi la karatasi kama Andrea alivyoliogopa lile lililokuwa kwapani mwa Mwalimu Lukasi Jumamosi ile. Juu yake paliandikwa kwa wino wa bluu: SOMO LA NNE, CHOO BORA. Ndani yake hamkuwa na choo cha aina yoyote. Mlikuwa na mkanda wa albamu mpya ya Ngurumo Nne.

Ngurumo Nne haikuwa bendi ya hivihivi. Shule yao, iliyojengwa mahali mlima unapoanza kupanda, ilikuwa na mabweni manne. Kila bweni lilikuwa na bendi yake, na kila bendi ilizichukia nyingine kwa moyo mkunjufu. Ndipo Andrea, mwimbaji wa bweni la Lupanga na bingwa wa utundu wa Kidato cha Tatu, alipopata wazo lililotikisa historia: kuchukua kigogo mmoja kutoka kila bendi na kuunda kundi moja la roki. Salum, Mnyamwezi wa Tabora, akapewa gitaa la solo. Leonard akapewa ngoma. Bonifasi akapewa besi, ambayo aliiunda kwa ubao wa dawati na waya za breki za baiskeli. Wiki hiyohiyo baiskeli ya mwalimu wa nidhamu iliacha kusimama, lakini uchunguzi haukufika popote.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siri kwenye kinasa sauti cha shule. Mkuu wa shule aliifuta mbele ya macho yao, kisha akamwambia Andrea kwa upole uliotisha kuliko fimbo: "Ukikigusa tena chombo hiki kwa upuuzi wako, siku hiyohiyo utarudi kwa mama yako ukalime kabichi. Na hutaitwa tena."

Andrea aliyaheshimu maneno hayo kwa muhula mzima, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga Kwaresima mara mbili. Kisha akarekodi albamu mpya. Safari hii alikuwa mwerevu: alirekodi juu ya Somo la Nne, kwa sababu kikundi cha kusikiliza masomo cha kijiji cha jirani kilikwisha kulikataa. Wanakijiji walisema vyoo wanavyo, waletewe la mbolea. Andrea aliona kwamba hakuna binadamu atakayeliulizia tena somo lile hadi mwisho wa dunia.

Hakujua kwamba kulikataa ndiko kungelipa umaarufu. Habari zilifika mjini Morogoro, na ofisa wa elimu ya watu wazima akaamua kupanda mwenyewe, aketi na wanakijiji, asikie nao neno kwa neno. Mwalimu Lukasi akaagizwa kulipeleka somo, na Andrea akateuliwa kubeba kinasa sauti.

"Mwalimu," Andrea alisema njiani, kinasa sauti kikimkata bega, "naona lile la mbolea lingewafaa zaidi."

"Wewe umeanza lini kuwaonea watu huruma?"

"Ni malezi ya shule, Mwalimu."

"Tembea."

Walipopumzika kwenye kijito, Andrea alichomoa betri moja na kuizika kwenye matope. Moyo wake ukatulia kidogo. Walipofika kijijini, Mwalimu Lukasi alifungua mfuniko, akaona tundu, akamtazama, halafu akatoa betri nyingine mfukoni. "Nimekuwa mwalimu wako miaka mitatu," alisema.

Wanakijiji walikuwa wamekaa uani kwa Bibi Scholastika, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Ofisa alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Aliitwa Ndugu Mihayo. Suti yake ya Chama ilipigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama makali ya kisu.

"Shikamoo, Bibi," Andrea alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye albamu.

"Marahaba, mjukuu." Bibi Scholastika akamgeukia ofisa. "Na wewe, Ndugu, nimesikia ni Mnyamwezi. Kumbe leo tumeletewa mtani. Mbona hukuvua viatu ulipowaona wakubwa zako Waluguru?"

Watu wakacheka. Ndugu Mihayo hakucheka. "Mama, mimi niko kazini. Utani tumeuacha mjini."

Uani pakapoa. Na Andrea, aliyekuwa akipachika tepu, akasita nayo mkononi. Alikuwa amesahau wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwanza aliutunga kumchokoza Salum, na ulihusu Wanyamwezi.

"Mwalimu, nadhani mkanda huu umeliwa na unyevu."

"Washa."

Akawasha. Ikasikika sauti ya zamani ya mwanamke mtaratibu: "Ndugu wasikilizaji, choo bora ni msingi wa..." Andrea akaanza kuomba kimya. Pengine alikosea kufuta. Pengine Mungu alilihifadhi somo. Kisha pakatokea mlio kama bati linalochanwa, gitaa la Salum likanguruma, kuku wakatawanyika, na sauti ya Andrea ikapanda mlima wote:

*Mnyamwezi kafika Morogoro, kauona mlima,*
*kaweka ngata kichwani, kainama, kauliza:*
*huu nao niubebe, au una miguu yake?*

Mwalimu Lukasi alikizima chombo kwa kiganja kizima, kama anayeua nge.

"Nani huyo?" Ndugu Mihayo aliuliza.

Andrea alitazama vidole vya miguu yake. Mkuu wa shule alikuwa mbali, na nyimbo zote zinafanana zikipigwa kwa nguvu hivyo. Angeweza kukaa kimya. Kukaa kimya alikujua vizuri.

"Mwalimu," ofisa alisema polepole, "chombo ni cha shule yako. Ufunguo wa stoo ni wako. Serikali inatuma somo, kijiji kinalikataa, na mimi nikija napokelewa kwa matusi ya kabila. Jambo hili litafika mjini na jina lako juu yake."

Mwalimu Lukasi hakumtazama Andrea, na hilo ndilo lililomchoma. Sauti ile alikuwa akiisikia darasani kila siku. Alijua, wala hakumtaja.

Andrea akawaza kabichi za mama yake, safu moja baada ya nyingine hadi uzeeni. Akasimama. Alikuwa na mlango mmoja tu, utani, na ofisa alikwisha kuufunga mbele ya watu wote.

"Ni mimi, Ndugu," alisema. Halafu akamalizia haraka: "Mimi Mluguru wa hapahapa. Nimeimba mbele ya mtani wangu. Kama mtani ana hasira, aseme, watu wasikie."

Bibi Scholastika alisogea mbele taratibu.

"Umemsikia mtoto," alimwambia ofisa. "Amesimama na uso wake. Hajakutukana kichakani. Sasa sisi tunakuuliza: umekasirika?"

Ndugu Mihayo alitazama duara la nyuso zilizomngoja. Wote uani walijua, naye alijua: mtani anayekasirika huchekwa hadi kwa wajukuu zake, na Tabora wangesikia. Misuli ya taya ikacheza.

"Sijakasirika," alisema hatimaye, kama anayeng'olewa jino.

Vigelegele vikaanza. Ofisa aliinua mkono. Akasimama, akaenda kwenye kinasa sauti, akaichomoa tepu, akaitia mfukoni mwa suti yake. "Na mtani akikipenda kitu cha mtani wake, huchukua. Au wewe umekasirika?"

Nakala ilikuwa hiyo moja tu duniani. Nyimbo sita. Andrea aliutazama mfuko ule wa suti.

"Sijakasirika, Ndugu."

"Vizuri. Kijiji hakijapata somo lake. Wewe na wenzako mtakuja kulifundisha kwa majembe, hapahapa kwa Bibi. Mkuu wako nitamwambia nimewaomba mimi."

Hivyo ndivyo Ngurumo Nne walivyofanya ziara yao ya kwanza nje ya shule: Jumamosi baada ya Jumamosi ndani ya shimo la choo, Leonard akipiga sururu kwa mapigo yake na Bonifasi akilaani kwa sauti ya besi. Salum hakumsemesha Andrea hata neno.

Shimo lilipowafika mabegani, Ndugu Mihayo alikuja kukagua. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akawatazama wanamuziki wakubwa wakiwa wameloa udongo mwekundu.

"Wimbo wa tatu," alisema, "gitaa limechelewa kuingia."

Akaondoka. Walisikiliza hatua zake zikiteremka mlima. Salum akatema udongo.

"Nilikwambia turudie ule," alisema.