Kopo Lililokwenda Kanisani

Mansuetus alipofika nyumbani Matiri kwa likizo ya mwezi wa sita, hakukimbilia jikoni kama mwanadamu yeyote aliyeshinda bwenini muhula mzima akila maharage yenye wadudu. Alimpa bibi yake, Bibi Kunigunda, shikamoo ya haraka, akatua tranka mlangoni, akaingia chumbani na kupanda juu ya kitanda. Akapapasa juu ya ukuta, pale ambapo fundi aliacha nafasi ya tofali moja chini ya bati. Nafasi ilikuwepo. Kopo halikuwepo.

Kwa faida ya wasiolijua, lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limeliwa na kutu ukingoni, na ndani yake mlikuwa na sarafu za zamani ambazo leo hazinunui hata pipi. Alikuwemo mbuni wa senti ishirini. Alikuwemo sungura wa senti hamsini, amechuchumaa kama anasubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Alikuwemo samaki wa senti tano mwenye pua kama sindano, na jogoo wa tambala, senti ya Malawi, aliyevuka Ziwa Nyasa bila hati ya kusafiria. Mkuu wao wote alikuwa senti kumi ya mkoloni, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizolizunguka tundu hilo.

Zote alizipata mwenyewe, akiwa mdogo, mfukoni mwa koti la babu yake. Kila siku ya soko marehemu Babu Ildefonsi alirudi nyumbani, akatundika koti kwenye msumari, akasema, "Kagua mfuko." Hiyo ilikuwa kazi ya Mansuetus, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuifanya. Alizimwaga chenji zote mkekani, akazigeuza moja moja, na iliyokuwa na sura ngeni ikawa yake. Siku nyingi hakupata kitu ila faru wa shilingi hamsini, na faru huyo alirudi kwa babu. Lakini mara kwa mara, katikati ya chenji za kawaida, mbuni alitokeza shingo. Babu alitikisa kichwa na kusema kwamba mtoto huyu ana mkono wa bahati. Mansuetus aliamini. Hata bwenini alikuwa ameutangaza mkono huo, na Lusekelo, mtoto wa afisa kilimo aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa akimwomba aushike kwanza mtihani wake wa hesabu kabla haujasahihishwa.

Sasa mkono wa bahati ulikuwa umetoka mtupu juu ya ukuta, umejaa vumbi.

Bibi Kunigunda alikuwa uani, anachambua kahawa kwenye kichanja, amevaa koti la marehemu kwa sababu ya baridi. Hakuinua macho.

"Kopo limekwenda kanisani," alisema.

Akaeleza taratibu, huku akitupa punje mbovu pembeni. Waumini wa kigango wamefyatua matofali na kuyachoma, na Jumapili paroko anakuja kuweka jiwe la msingi la kanisa jipya. Ni desturi kuweka ndani ya jiwe fedha za zamani na za sasa, ili watakaolivunja siku moja wajue watu wa hapa waliishi lini. Katekista Tarsisi aliuliza nani ana fedha za zamani. Bibi alinyanyuka kwa furaha, maana alikuwa nazo, na tena zilikuwa za Mungu tayari.

"Bibi, zile zilikuwa zangu."

"Zilikuwa za Mungu, mume wangu. Ulisema mwenyewe."

Hapo ndipo Mansuetus alipotamani kuuma kichanja. Ni kweli alisema. Zamani binamu zake walikuwa wakiunda magari ya mabati, na waligundua kwamba sarafu yenye tundu hushikilia gurudumu vizuri kuliko kifuniko chochote. Ili kuinusuru, aliwatangazia wote kwa sauti ya mahubiri kwamba kopo lile ameliweka wakfu, na atakayeligusa atapooza mkono. Binamu waliogopa. Bibi pia alisikia, na Bibi hakuwa mtu wa kusahau ahadi ya mtu kwa Mungu.

"Nilikuwa mtoto mdogo," alisema Mansuetus.

"Mungu hakuuliza umri."

Jambo la kuudhi kuhusu Bibi Kunigunda ni kwamba hakuwa anatania. Ukibishana na mtu anayetania, unaweza kumshinda kwa utani mkubwa zaidi, na katika fani hiyo Mansuetus alikuwa na shahada. Lakini bibi yake aliposema neno hilo aliinama tena kwenye kahawa yake kwa amani kabisa, kama mtu aliyemalizia kufunga mlango wa banda la kuku.

Akaenda kwa Katekista Tarsisi. Njiani alitunga hotuba yenye maneno kama urithi, historia na vizazi vijavyo, akaitoa yote bila kupumua. Katekista alimsikiliza hadi mwisho, akiwa ameweka mikono tumboni. Kisha akasema amefurahi sana kuona elimu inamsaidia kijana, na kwamba kijana anayezipenda sarafu kiasi hicho ndiye anayefaa kuzisugua kwa majivu na limau na, siku ya Jumapili, kuzibeba mbele ya paroko akiwa amevaa kanzu ya utumishi. Akamkabidhi kopo hapo hapo. Mansuetus alitoka nje akiwa ameshindwa na akiwa ameshinda, hajui aanze kufurahi upande gani.

Jumamosi alisugua. Alizisugua kweli, maana aibu ya kazi chafu hakuipenda, hata mbuni akang'aa manyoya. Baada ya hapo akazitoa zote, akazifunga ndani ya soksi ya shule, na kopo akalijaza vizibo vya soda pamoja na misumari michache ili uzito usitie shaka. Alilitikisa karibu na sikio. Lililia vizuri sana, pengine kwa heshima zaidi kuliko mwanzo. Hesabu yake ilikuwa fupi: kopo litafunikwa kwa zege, hakuna atakayelifungua hadi siku ya kiama, na siku ya kiama watu watakuwa na mambo mengine ya kuulizana.

Jumapili kulikuwa na ukungu mpaka ibada ikakaribia kwisha. Akina mama wa Matiri walijaa na vitenge vyao vya sherehe, na hata Shangazi Otilia alikuwa amepanda kutoka Kihagara, kule ziwani anakouza usipa. Mansuetus alisimama nyuma ya rundo la matofali, kopo mkononi, amevaa kanzu nyeupe ndefu. Soksi yenye sarafu ilikuwa imefungwa kiunoni chini ya kanzu. Senti kumi yenye tundu hakuiamini soksi, kwa hiyo aliiweka ndani ya kiatu cha kushoto. Karibu naye alisimama Fundi Aloyce na karai lake la zege.

Paroko alibariki shimo la msingi. Kisha, badala ya kuita kopo, akasema jambo ambalo hakuna mtu aliyelitegemea. Alisema ameambiwa mama mmoja ametoa fedha za zamani sana, na ingekuwa vema watoto wazione kabla hazijazikwa. Mama huyo asogee mbele, azitoe moja moja, aseme zilikotoka.

Bibi Kunigunda alisogea. Alikuwa amevaa koti la marehemu juu ya kitenge kipya, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeolewa.

Mansuetus aliutazama uso huo. Akaona jinsi ungekuwa baada ya dakika chache, mkono ukitoka ndani ya kopo na kizibo cha soda ya chungwa. Alitukana kimyakimya mambo mengi, yakiwemo utoto wake, magari ya mabati na wote waliogundua uchimbaji wa misingi. Akageuka kuyapa mgongo makanisa yote mawili, la zamani na lile lijalo, akamwaga vizibo na misumari ndani ya karai, akavuta soksi kutoka chini ya kanzu, akaikung'uta ndani ya kopo. Fundi Aloyce aliona kila kitu. Alichukua kijiko chake cha ujenzi, akavifunika vizibo kwa zege, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Kopo likafika. Bibi akaingiza mkono, akamtoa mbuni.

"Huyu," aliwaambia watu, "tulimpata kwa ndoo ya mahindi."

Mansuetus alidhani amesikia vibaya. Bibi akaendelea kwa sauti kubwa na tulivu. Akaeleza kwamba marehemu mume wake alikuwa na mjukuu aliyependa kukagua mfuko, na siku moja mtoto alikuta sarafu ya ajabu akafurahi hata akashindwa kula. Basi mzee akashikwa na ugonjwa wa kumfurahisha. Kila Otilia alipopanda kutoka ziwani na usipa wake, mzee alimwagiza atafute fedha za zamani kwa wauza samaki, kwa wazee wenye masanduku, kwa wanaovuka kutoka ng'ambo. Alizilipia kwa mahindi, kwa maharage, mara nyingine kwa kahawa ambayo ilikuwa ya ada ya shule ya watoto wake. Kisha alizichanganya na chenji, akazitia mfukoni, akatundika koti.

"Sungura, debe la maharage," alisema Bibi akimwinua juu. "Na huyu jogoo wa Malawi, jamani, huyu tuligombana wiki nzima."

Shangazi Otilia alithibitisha kutoka katikati ya akina mama, akicheka hata akajishika kiuno, kwamba jogoo yule alimsumbua hadi akataka kumletea jogoo wa kweli. Waumini wakacheka. Paroko akacheka, akaishika stola yake ya shingoni isidondoke shimoni. Watoto wakageuka wote kumtazama mwenye mkono wa bahati.

Mansuetus alisimama wima, uso wake ukiwa wa mtumishi wa altare asiye na habari na dunia. Ndani alikuwa anachemka. Yeye aliyewahi kumfanya mwangalizi wa bweni apige kengele ya moto kwa ajili ya viazi vilivyoungua, alikuwa amechezewa miaka yote ile na mzee mwenye bakora, na mzee mwenyewe yuko kaburini ambako hawezi kuulizwa chochote. Kulipiza hakuwezekani. Kushukuru pia hakuwezekani, na hilo, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza, lilimuudhi zaidi.

Kopo lilibaki tupu. Bibi alilipapasa chini, akaligeuza, akalitikisa.

"Haijatoka ile ya tundu," alisema. Sasa hakuwa anaongea na watu wote. Alikuwa anaongea na Mansuetus peke yake. "Ile haikununuliwa. Mzee alivishwa shingoni na mama yake alipokuwa mchanga. Ndiyo uliyoikuta ya kwanza."

Pale ndipo angeweza kusema imepotea. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, umevaa vizuri, una hata mashahidi. Lakini bibi yake alisubiri bila kumshuku, kopo mkononi, na kitu hicho cha kutoshukiwa kilimchosha kuliko bakora.

Akainama, akainua kanzu, akavua kiatu cha kushoto mbele ya paroko, kigango na sehemu ya ukoo kutoka Kihagara. Senti kumi ilitoka ikiwa na joto. Bibi aliipokea, akaifuta kwenye koti, akaitia ndani ya kopo na kuwarudisha humo wenzake wote. Kopo likashushwa shimoni, na Fundi Aloyce akamwaga zege.

"Msingi huu una gesi ya soda ndani," alinong'ona fundi akipita, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema juu ya jambo lile.

Jioni baridi ilizidi. Bibi alimtuma dukani kununua chumvi, akavua koti na kumrushia. Mansuetus alilivaa kwa hasira. Hakuwa amesema neno tangu mchana, na alikusudia kuendelea hivyo hadi shule ifunguliwe. Mkono wake, hata hivyo, ulikuwa na tabia zake. Uliingia mfuko wa kulia ukatoa swala wa shilingi mia, wa kawaida kabisa. Akamgeuza pande zote mbili. Akamrudisha.

"Umeona kitu?" aliuliza Bibi kutoka jikoni.

"Hamna."

"Angalia wa ndani."

Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka. Vidole vilipita kwenye tundu vikaingia kati ya kitambaa na bitana, na huko chini kabisa, karibu na upindo wa mgongoni, viligusa kitu kidogo cha mviringo. Alikisukuma juu, kikateleza. Akalivua koti, akaligeuza kichwa chini, akalitikisa kama anafukuza nyuki. Kikakimbilia begani na kukwama kwenye mshono. Alikibana kwa kidole juu ya nguo. Ukingo wake haukuwa laini. Ulikuwa na mawimbi, kama ua, na hakuwahi kuwa na sarafu ya namna hiyo.

Aliomba wembe.

"Ukilikata koti la marehemu," alisema Bibi Kunigunda, "utalala kwenye kichanja na kahawa."

Basi akakaa kizingitini, chumvi haijanunuliwa, akiisukuma sarafu kutoka bega moja kwenda lingine, na kila alipoifikisha karibu na tundu, ikamponyoka.