Hakuna Tunda Humo

Chupa ilisimama mezani katikati ya wazee sita wa kanisa, na hakuna aliyetaka kuonekana akiiangalia sana. Ilikuwa chupa nene ya kahawia, kizibo chake kimefungwa kwa waya. Upande wa pili wa meza alikaa Kiptanui na koti lake la Jumapili, mikono juu ya magoti. Alikuwa mkulima wa chai hapa Kimulot, miaka arobaini na minane, na shule aliiacha darasa la tano.

Kesi yake haikuwa ndefu. Jumatano kina mama wa kanisa walikuwa sebuleni kwake kwa maombi. Pasta Oyaro akiwa katikati ya kuombea wagonjwa, chupa mbili zikapasuka stoo, moja baada ya nyingine, kama bunduki. Mama mmoja alijikuta chini ya meza. Kisha kitu cheusi chenye povu kikatiririka kutoka chini ya mlango, na pasta alipofungua akakuta chupa nyingine ishirini zimepangwa kwa mstari kama wanakwaya.

Jumamosi iliyofuata Chepkurui, binti wa pekee wa Kiptanui, alikuwa anaolewa katika kanisa hilo hilo. Sheria ya kanisa ilijulikana: baba aliyeadhibiwa kwa kurudishwa benchi la nyuma hampeleki binti madhabahuni. Kiptanui alikuwa na wavulana watano, na harusi zao alikaa tu akatazama. Hii ya binti ndiyo aliyokuwa akiingojea.

"Tunaambiwa hii ni pombe," alisema Kipsang, mwenyekiti wa wazee.

"Mmeambiwa na nani?"

"Inajulikana."

"Basi anayejua ladha ya pombe aionje, atuambie."

Hapo kesi ikakwama kama trekta kwenye tope. Kila mzee pale alikuwa ameshuhudia mbele ya washirika kwamba tangu azaliwe hajaweka tone mdomoni. Kipsang alishuhudia hivyo kila mwaka, ingawa watu wa rika lake walikumbuka vizuri ni nani aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa mkokoteni kutoka kilabu cha busaa. Kiptanui alikuwa wa rika hilo. Alimtazama tu, na Kipsang akaanza kupanguza miwani yake.

Aliyewaokoa ni Nyang'au, mshirika wa kawaida aliyekuwa amekaa karibu na mlango, Mkisii mwenye duka la mbolea aliyehamia hapa kutoka Sotik. Akasema yeye ulevi wake wa zamani unajulikana mpaka Kericho, hana cha kuficha, wamletee kikombe.

Kiptanui akafungua waya mwenyewe, akamimina polepole kwenye kikombe cha chai, akiacha mashapo chini ya chupa. Ilikuwa nyeusi kama kahawa, lakini Nyang'au alipoiinua kwenye dirisha, ukingo wake ulikuwa mwekundu. Akanusa. Akanywa kidogo, akafumba macho. Akanywa tena, na mara hii si kidogo. Kipsang akamkumbusha kwamba ameitwa kuonja, hakuitwa kushiba.

Kwa dakika hiyo moja Kiptanui aliisahau harusi. Alitaka tu kusikia.

"Zabibu kavu," alisema Nyang'au. "Plamu, zile zimeiva mpaka zikaanguka zenyewe. Ndizi mbivu yenye madoa. Halafu nyuma kabisa kuna kitu kama sukari imeungua." Akamwangalia Kiptanui kama mtu anayemfungulia jirani lango ng'ombe wake apite. "Wazee, hii ni jusi ya matunda. Imekaa siku nyingi kidogo, basi."

Chumba kizima kikapumua. Pasta Oyaro, ambaye hakuwa mtu mbaya na hakupenda kuharibu harusi ya mtu, akachukua kalamu, akaandika jusi. Kiptanui hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa kufunga mdomo tu, na mambo yaishe.

Lakini alimkumbuka Joris, yule Mbelgiji aliyekuja kufunga mashine za kukaushia majani kiwandani, ambaye yeye Kiptanui alimpikia miaka minne. Joris alikuwa akitengeneza pombe nyeusi ya kwao pale jikoni. Alipoondoka alimwachia chachu kwenye mtungi na kumwambia asiiache ife njaa. Miaka miwili Kiptanui aliilisha kama ndama. Aliotesha shayiri kwenye magunia, akaikaanga. Alitafuta sukari nguru mpaka Fort Ternan, akaichemsha hadi ikawa nyeusi. Mara tatu alimwaga yote kwa ng'ombe. Sasa pombe imekubali, na inaitwa jusi. Jusi hata mtoto anakamua.

Akasimama.

"Pasta, futa hiyo."

"Nifute nini, ndugu?"

"Hakuna tunda humo. Hata moja. Ni shayiri, sukari nguru, maji, maua machungu aliyoniachia Mbelgiji, na chachu. Hayo matunda anayoyasikia Nyang'au ni kazi ya chachu. Hiyo ni pombe, na ni pombe nzuri. Angalieni kikombe chake kama kuna kitu kimebaki."

Nyang'au akaweka kiganja usoni.

Pasta akamwuliza kama anatubu. Kiptanui akajibu kwamba anatubu kupasua chupa watu wakiomba, maana ule ulikuwa uzembe, alizifunga mapema kabla chachu haijatulia. "Lakini kwa hii, hapana. Sijalewa, sijauzia mtu, sijampiga mke wangu. Nikisema natubu nitakuwa nimedanganya, na hapa ni kanisani."

Wakampa miezi sita benchi la nyuma. Ndugu yake mdogo ndiye angempeleka binti.

Nje, Chepkurui alikuwa amesimama na mama yake kando ya tangi la maji. Kiptanui akawaeleza yote, hakujitetea.

"Ungenyamaza tu, baba," alisema Chepkurui.

"Ningenyamaza."

"Na hukunyamaza."

"Sikunyamaza."

Chepkurui akalia, na kilio hicho kilimuuma Kiptanui kuliko wazee wote sita. Kisha akajipangusa na ncha ya leso, akaingia kwa wazee bila kupiga hodi. Sauti yake ikatoka dirishani. Aliwaambia baba mdogo asihangaike kununua tai. Ataingia na baba yake mpaka pale benchi lake lilipo, na njia iliyobaki ataitembea mwenyewe. Kipsang akasema bibi arusi hatembei peke yake, haijawahi kuonekana.

"Jumamosi mtaona," alisema Chepkurui.

Na waliona. Kutoka mlangoni hadi benchi la nyuma ni hatua nne. Kiptanui alizitembea polepole, mkono wa binti yake ukiwa kwapani mwake, kisha akauachilia, akaketi, akakunja nne. Mbele yake Chepkurui alishika njia peke yake, mgongo umenyooka, na kanisa zima likageuza shingo bila kujua limtazame nani.