Nifukuze Vizuri

Serikali ilifungua mabweni ya chuo kilichokufa ili kutupokea sisi ambao nyumba zetu zilisombwa na mafuriko, ila ikaweka sharti: chumba ni cha asiye na ndugu wa kumpokea. Nani huyo asiye na ndugu? Mimi na binti yangu tulikuwa tunalala sebuleni kwa dada yangu tangu maji yalipotutoa, miguu chini ya meza, kichwa kando ya cherehani yangu, kitu pekee nilichookoa. Na mwenye nyumba alishamwambia dada: wageni wasipoondoka mwisho wa mwezi, mtaondoka nyote.

Kwa hiyo tukapanga. Afisa wa makazi akija kukagua, dada aseme amechoka, ananifukuza. Tulifanya mazoezi jikoni tukicheka hadi machozi.

"Toka kwangu!" anasema dada, kisha ananiuliza, "Au nianze na tafadhali?"

"Nifukuze vizuri, dada. Ukinifukuza kwa adabu watajua ni uongo."

Mumewe hatukumfundisha chochote. Ya nini? Shemeji yule alikuwa anaruka godoro letu kila asubuhi akiguna, na mlango anaubamiza hadi vikombe vinalia. Methali aliyoijua siku hizo ilikuwa moja tu, ile ya mgeni na jembe.

Afisa alikuja asubuhi, mwanamke mpole mwenye tope kwenye viatu. Shemeji kumwona tu, akakimbilia chumbani, akatoka na shati lililopigwa pasi. Akamvutia kiti. Dada hajafungua mdomo, mwenzetu kashaanza.

"Huyu ni shemeji yangu. Hapa ni kwake! Nikimfukuza ndugu wa mke wangu, watu watanionaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini wapi! Akishaona mgeni mbele yake, shemeji hasikii la mwadhini. Akajipiga kifua.

"Hata mwaka mzima, akae."

"Ubarikiwe, baba," afisa akasema. "Wengi hawana ndugu kama wewe." Akabonyeza jibu kwenye simu yake ya kazi, akatuaga, akatoka. Chumba chetu kilikuwa kinashuka naye ngazi.

Dada akaruka. Alinyakua mfuko wangu wa nguo, akautupa nje kwenye ujia, akanisukuma niufuate.

"Toka! Toka kwangu!"

Majirani wakafungua milango. Hapo ndipo mazoezi yetu yalipokuwa yanaishia, lakini dada hakuishia hapo.

"Nimechoka! Kwangu mwenyewe natembea kwa kunyata! Cherehani yako inanigonga kichwani hata nikiwa usingizini! Tangu mama afe nakubeba wewe, nakubeba tu, na mimi atanibeba nani?"

Binti yangu akaanza kulia. Shemeji alisimama mlangoni na shati lake la pasi. Nami nilikuwa nimepiga magoti nikiokota nguo, naumia kweli, kana kwamba hatukuwahi kupanga lolote.

Afisa alipanda tena ngazi. Alitazama nguo zilizotapakaa, akamtazama dada, akamshika bega.

"Basi, mama, basi. Nimeona."

Siku hiyohiyo tukapewa chumba, kidogo lakini kikavu, kitanda kimoja na mlango wenye ufunguo. Dada alitusindikiza. Cherehani aliibeba yeye kichwani njia nzima, kila nikitaka kumpokea anakataa. Alipoitua, nilijaribu utani.

"Dada, leo umenifukuza vizuri."

Nilingoja acheke. Aliipangusa vumbi cherehani kwa upindo wa gauni lake, taratibu, kila upande.

"Utanisamehe, mdogo wangu," akasema.

Hakusema kwamba alikuwa anaigiza, na mimi sikuthubutu kumwuliza.