Breki za Mama Mashuka

Gari la Mama Mashuka lilianza kulia kipindi kile cha upepo, shuka likianikwa linakauka kabla hujapata kibanio cha kulishikia. Mwanzoni lililia kidogo tu, kama mlango wa kabati. Mama akasema litanyamaza. Halikunyamaza. Kila alipokanyaga breki likatoa sauti nyembamba, ndefu, na mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Kwenye nyumba za wageni alikopeleka mashuka aliyoyafua, watu hawakungoja tena simu yake. Wakisikia kilio mlimani husema, "Mama Mashuka huyo. Fungueni geti."

Yeye kilio kile hakikumkera. Alikizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake kitandani. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wake, kigari cha mizigo chenye milango miwili nyuma, na tangu mzee alipoondoka mwaka juzi hakuna mtu mwingine aliyekishika usukani. Asubuhi, akishapakia mashuka yaliyokunjwa mraba, bado yana joto la pasi, mle ndani hunukia sabuni na jua. Hapo Mama hushuka mlima taratibu, mawazo yakielea kama povu kwenye beseni, mpaka asijue vizuri kama anaendesha au anaendeshwa.

Sasa siku moja alikanyaga breki mbele ya geti la nyumba ya wageni, gari likalia kama kawaida, lakini halikusimama. Likaendelea kwenda polepole, bila haraka wala aibu, kama mtu anayetembea usingizini, likapita geti, likaenda kubusu vyungu vya maua vilivyopangwa ukutani. Binti yake wa mwisho, Kitinda, aliyekuwa ameketi kando, alikuwa amekunja miguu hadi kifuani.

"Mama, ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Basi mbona tumefika kwenye maua?"

Mengine Kitinda aliyaweka mpaka waliporudi nyumbani. Huyu ndiye aliyepiga pasi pamoja na mama yake kila siku, na alikuwa na tabia ya kutoa maneno makali huku mkono unanyoosha kitambaa kwa upole. Akasema, "Ijumaa tuna mzigo mkubwa wa kushusha. Kama kufikia Ijumaa gari hilo halijapona, namwita muuza kuku. Amelitaka siku nyingi."

"Gari la baba yako libebe kuku?"

"Afadhali libebe kuku kuliko likubebe wewe makaburini."

Mama akachukua shuka jingine, maana mtoto alikuwa na haki, na mtoto mwenye haki hana dawa. Lakini alijua vilevile gari likiondoka maisha yake yatakuwaje. Atakodi magari ya watu, aombe, abembeleze, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwisho itaonekana Kitinda, mwenye magoti mazima, ndiye ashuke na mzigo, na yeye abaki chumbani na mvuke, akisikiliza mlima kwa mbali. Wazo hilo lilimtisha kuliko vile vyungu vya maua.

Kesho yake akalipeleka gari kwa Fundi Taratibu, karibu na hapo, gia ya kwanza mwendo mzima. Fundi huyu jina lake lilimfaa: alifungua kila nati kama anamvua mtoto mchanga nguo. Alipoinua gari kwa jeki na kutoa gurudumu la mbele, akachomoa pedi za breki, akaziweka kwenye kiganja cha Mama. Zilikuwa zimelika mpaka kwenye chuma.

"Mama yangu," akasema, "ulikuwa unasimamisha gari kwa dua."

"Na lilikuwa likisimama."

"Dua zimeisha. Nenda nazo kwa Hairudi akutafutie nyingine."

Ndivyo spea zinavyonunuliwa. Hupeleki maneno, maana maneno hayafungwi kwenye gurudumu. Unapeleka kile kilichokufa, kikatafutiwe pacha wake. Mama akazifunga zile pedi kuukuu kwenye foronya iliyochanika, akaenda.

Hairudi alikuwa muuza spea, mzee wa rika lake, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kibao kilichoning'inia juu ya kichwa chake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI. Duka lake lilikuwa jembamba na refu. Mikanda ya mashine ilining'inia darini kama nywele za jitu lililolala juu ya bati, taa mpya zilikaa kwenye maboksi yake zikingoja kuona, na harufu ya mpira mpya ilimfanya mtu ahisi amepakwa rangi puani. Hairudi akachukua pedi moja kuukuu, akailaza juu ya mpya.

"Pacha wake huyu hapa."

Mama akasogeza uso. Kila pedi ina masikio mawili ya chuma, moja kila upande, ndiyo yanayoingia kwenye nafasi zake. "Mbona hii mpya imezidi masikio?"

"Yako yamelika kwa uzee, dada yangu. Kwani sisi masikio yetu si yamepungua?"

"Yangu yanasikia."

"Haya, basi sikia bei."

Mama akacheka, akalipa, akaenda zake. Lakini Fundi Taratibu alipojaribu, pedi zikagoma. Akazigeuza, akazipuliza, akazibembeleza. Zikagoma. "Masikio yamezidi kidogo tu," akasema. Akatazama tupa iliyokuwa juu ya meza, ile ya kusugulia chuma. "Niyapitishie tupa?"

"Ukipitisha zitaingia?"

"Zitaingia. Ila ujue umeagana na duka. Kitu kilichoguswa na tupa hata mama mzazi hakipokei."

Mama alitaka kusema haya, pitisha. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mume wake enzi zake alikuwa mchonga funguo, na mlio wa tupa ndio uliomlaza usingizi miaka yote ya ndoa: khrr, khrr, jioni kwenye kizingiti, kama mdudu mmoja mkubwa mwenye subira. Palepale mbele ya gari alihisi macho yanalegea. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya dobi, na dobi anajua jambo moja: kunjo lililo mahali pabaya hulipigi pasi kwa haraka, maana ukishalipiga umelifanya la kudumu. Unalirushia maji, unalinyoosha upya.

"Ngoja," akasema. "Nazirudisha."

Mama akaingia tena dukani. Hairudi alinyoosha tu kidole juu, kwenye kibao.

"Nimekisoma," Mama akasema. "Sirudishi. Nabadilisha."

"Kuna tofauti?"

"Anayerudisha anataka kuondoka. Mimi nimeingia."

Watu wawili waliokuwa wakingoja plagi za pikipiki wakaguna kwa kicheko. Hairudi akazikagua zile pedi ukingo kwa ukingo, akazinusa kama mtu anayenusa maziwa. Zilikuwa safi. Akakuna shavu, akatoa nyingine zenye masikio mafupi zaidi. Basi hizo nazo, walipozijaribu, zikaingia na kuchezacheza kama jino la mtoto. "Hizi zitakutupa kwenye mteremko," Fundi akasema, akazifuta, akazirudisha kwenye boksi lake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kitinda, akipita na kapu la nguo, aliuliza bila kutazama, "Muuza kuku anasema anaweza kuja kesho saa nne. Nimwambieje?"

"Mwambie anisalimie kuku."

Akatoka tena na foronya yake. Safari hii Hairudi alimwona tangu mlangoni, akashika kichwa. "Dada, unakuja kununua au kuposa?"

"Ningekuwa naposa ningeshabadili nyumba."

"Hapana. Mara hii sipokei. Mara ya kwanza hisani, mara ya pili mazoea, ya tatu nitalazimika kukishusha kibao."

"Sawa," Mama akasema. "Basi nipumzike kidogo."

Akaketi kwenye benchi la wateja, foronya mapajani. Hakuwa na hila. Magoti yalimuuma na hakujua pengine pa kwenda. Wateja waliingia, wakataja vitu vyao, wakatoka. Jua la alasiri liliingia mlangoni likapanda polepole kwenye maboksi, likiyasoma moja moja. Akasinzia. Katika usingizi ile mikanda ya darini ikawa kamba za kuanikia, na juu yake yakaning'inia mashuka, mashuka, mashuka, mpaka duka likawa jeupe na halina mwisho. Yeye anapita kati yake, kila shuka likimgusa usoni kwa ubaridi, na mahali fulani nyuma ya yote tupa inalia, khrr, khrr. Anaita, "Unachonga nini saa hizi?" Hajibiwi. Anafunua shuka, kuna shuka. Anafunua, kuna jingine.

Alipozinduka, mkono wake ulikuwa ndani ya foronya, na kidole gumba kikipita juu ya sikio la pedi kuukuu, kikienda, kikirudi. Kidole kilijua kitu kabla yake. Akaitoa pedi nje, akaielekeza kwenye jua. Chini ya kutu na weusi kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja. Mtu wa mkono wa kulia akichonga, mikwaruzo hulala kulia. Hii ililala kushoto. Mume wake alikuwa mashoto. Nyumba nzima ilijaa mikwaruzo ya namna ile: bawaba za milango, mifuniko ya sufuria, mguu wa kitanda, kisu cha mkate. Alikuwa na usemi wake: hakuna kisichoingia, kuna ambacho hakijachongwa. Kitu pekee kilichomshinda kuchonga, majirani walisema, ni mkewe.

"Loo," Mama akasema taratibu. "Mzee wewe."

Hairudi akainua kichwa. "Umeamka?"

"Kaka, sampuli inatudanganya. Haikulika kwa uzee. Mume wangu aliichonga ikae."

Hairudi akaja na miwani yake, akatazama muda mrefu. Akapiga ulimi. "Na mimi nimeangalia mara zote, nikaona kutu tu." Akaketi benchini kando yake. "Kwa nini achonge? Pedi za gari lile zipo tele."

"Kwa sababu hazikuingia."

"Na kwa nini hazikuingia?" Hairudi akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Kile chuma kinachozishika si cha gari lile. Kuna siku kilivunjika, akafungiwa cha gari jingine, kisha pedi zikachongwa zifuate. Dada, nenda kafungue chuma chenyewe uniletee. Achana na pedi. Marehemu tusimuulize tena."

Njiani kurudi kwa fundi, Mama alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Alifikiri mteremko ule, na watoto wake walipokuwa wadogo, wamelala nyuma juu ya marobota ya nguo, vichwa vikitikisika, na baba yao anapiga mluzi, na chini ya wote vipande vya chuma vilivyopunguzwa kwa kukisia. Mzee aliwapenda. Alikuwa amewabeba juu ya ujanja wake, siku zote, akiimba. Mama hakujua alie au acheke. Akaendelea kutembea.

Fundi Taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alifungua kitu haraka. Mama akakifunga kile chuma kwenye foronya, kikachafua kila kitu mafuta, akalikuta duka la Hairudi bado halijafungwa. Mzee akateremsha boksi baada ya boksi, akajaribu pedi hii na ile, nyingine za magari ambayo Mama hakuwahi kuyasikia, kaunta ikajaa kama sahani baada ya karamu. Kisha pedi moja ikaingia. Haikusukumwa. Iliteleza mahali pake kama mkono unavyoingia mfukoni, ikatulia.

Hairudi akaichomoa, akairudisha; ikaingia tena vilevile.

"Hizi hazirudi," Hairudi akasema hatimaye.

"Hata mimi sirudi," Mama akajibu, akazisukuma zile zilizochezacheza upande wa Hairudi wa kaunta, na mzee akazipokea bila kutazama juu.

Ijumaa asubuhi mzigo ulipakiwa mpaka milango ya nyuma ikafungwa kwa goti. Kitinda akapanda mbele, akafunga mkanda, simu mkononi kama silaha. Muuza kuku alikuwa bado hajaambiwa ndiyo wala hapana. Wakafika kileleni, mji wote uko chini umefunikwa na ukungu mwembamba, paa zikichungulia.

"Baba yako alichonga breki za gari hili kwa tupa," Mama akasema.

Kitinda akageuka. "Alifanya nini?"

"Hazikuenea. Akachonga."

"Na sisi tukiwa ndani?"

"Na nyinyi mkiwa ndani, mmelala."

Kitinda akaukaza mkanda wake. "Na bado unalitaka?"

"Jana nilikuwa nalitaka kwa sababu ni lake," Mama akasema. "Leo nalitaka kwa sababu nina mzigo."

Akaachia. Gari likaanza kushuka, ukungu ukafunguka mbele yao, ukajifunga nyuma. Mahali pale pa kupinda, mwanamke mmoja akatokea na baiskeli yenye mzigo wa kuni, akakatiza njia bila kutazama, kama watu wanavyokatiza kwenye ndoto. Mama akakanyaga. Hakuna kilio. Ukimya ule ulikuwa mgeni kiasi kwamba alidhani amekanyaga hewa. Akaona kuni zinakuja, karibu, karibu, kisha zikaacha kuja. Mwanamke akavuka, akainua mkono wa shukrani, akamezwa na ukungu upande wa pili.

Kitinda alikuwa amefumba macho.

"Tumesimama?"

"Tumesimama kitambo."

Binti akafumbua jicho moja, kisha la pili. Nyuma yao mashuka yaliteleza kidogo, yakatulia. Akaitazama simu yake, akabonyeza kidogo, akaisogeza sikioni. "Hapana, kaka," akasema. "Kuku wako watatembea." Akaiweka mfukoni, akashusha kioo, ubaridi wa ukungu ukaingia. "Twende basi, Mama. Wenzio watakusikiaje leo? Itabidi upige honi."

Mama akaachia breki, na mlima ukaendelea kuwashusha.