Neno Lililofika Jikoni

Katika nyumba ya seremala, mchezo wa maneno ulikuwa na sheria yake. Ukishapanga herufi ubaoni, unasimama, unaeleza neno lina maana gani na limezaliwa wapi, kisha unalitungia sentensi. Mwamuzi ni mama, naye yuko jikoni. Akisikia, anagonga sufuria kwa mwiko na alama zako zinahesabiwa. Asiposikia, neno linang'olewa, hata liwe sahihi namna gani.

Sheria hiyo ilimtesa Nukta tangu utotoni. Kaka yake ndiye aliyembandika jina hilo kwa udogo wa sauti yake, likamganda. Alikuwa binti wa mwisho, amesomea lugha chuoni, maneno tele kichwani. Lakini akisimama mbele ya watu, sauti inafunga duka. Basi alipanga vijineno vifupi, ambavyo viking'olewa haviumi sana.

Jumamosi hiyo mambo yalikuwa mengine. Kesho yake kulikuwa na mashindano ukumbini, watu wawili wawili, na baba alikuwa amesema wazi: atakayeshinda leo ndiye atakayekwenda naye. Miaka yote alikwenda kaka, fundi umeme mwenye sauti ya king'ora. Nukta aliitamani nafasi hiyo kimoyomoyo. Baba alipozichonga herufi zile kutoka masalia ya mlango, yeye ndiye aliyezipiga msasa, akiwa bado mdogo hafikii meza.

"Mlo!" kaka alinguruma, akasimama. "Chakula cha wakati mmoja! Limetoka kwenye kula! Mlo wa leo umenishibisha!"

Ko! Sufuria ikajibu. Kaka akawa mbele kwa mbali.

Nukta alizitazama herufi zake. Mkono ulikwenda kwanza kupanga "kiti", neno la kujificha. Ukasita. Kisha akazichukua zote, moja baada ya nyingine, akazitanguliza mbele ya neno la kaka yake: KITINDAMLO.

"Mama yangu!" Kaka alishika kichwa. "Nukta kameza ubao mzima! Haya, simama, profesa. Hapa ndipo tutakapojuana."

Nukta akasimama.

"Kitindamlo ni chakula kitamu kinacho..."

"Sijasikia!" mama aliita, bomba likimwaga maji.

Kaka akanyoosha mkono kwenye ubao. "Sheria ni sheria, mdogo wangu."

"Hajamaliza," baba alisema, bila kuinua macho.

Nukta aliitazama ile A iliyogusana na neno la kaka. Kona yake moja ilikuwa imelika, kwa sababu siku ile ya msasa alisugua hadi akapitiliza, na baba akakataa kuchonga nyingine. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Kitindamlo!" Alishtuka mwenyewe kwa sauti yake. "Ni kitu kitamu kinacholiwa mwisho wa mlo! Limezaliwa humu humu kwenye Kiswahili, halikuazimwa kama keki! Kutinda ni kukata, ni kukomesha. Ndiyo maana mtoto wa mwisho kama mimi ni kitindamimba, na utamu wa mwisho ni kitindamlo!"

Bomba likafungwa.

"Na sentensi?" mama aliuliza.

"Mama, acha vyombo, njoo ukae! Leo kitindamlo nakileta mimi!"

Sufuria haikulia. Kaka alianza kutabasamu, na Nukta akahisi machozi yanamkaribia.

Ndipo mama akatokea mlangoni, povu mpaka kwenye viwiko, sufuria mkono huu, mwiko mkono ule. Akaigonga katikati ya sebule, tena na tena, hadi paka akakimbilia chini ya kabati.

"Nimesikia mimi na wamesikia majirani," alisema. "Huyu ni mwanangu!"

Kaka alihesabu alama, akarudia kuhesabu, akacheka kwa kushindwa. "Nimepigwa. Tena na nukta! Hongera, mdogo wangu. Umeniweza."

Baba alizikusanya herufi, akaifuta kila moja kwa kitambaa, ile A akaifuta kwa muda zaidi. Alipomaliza, alimkabidhi Nukta mfuko wa herufi ambao miaka yote aliubeba kaka.

"Ukumbi ni mkubwa kuliko jiko," alimwambia.

"Watanisikia, baba."

Mama alikuwa ameshakaa, miguu ameinyoosha. Nukta akaenda jikoni kukata nanasi, na kutoka huko akauliza nani anataka kipande kikubwa. Sebuleni wote wakajibu kwa pamoja.